Kimeng'enya Ambacho Binadamu Hana

Kuna kipimo cha zamani ambacho hospitali nyingi za Afrika Mashariki bado hukifanya, nacho hakidai mashine ya bei kubwa. Mtaalamu wa maabara huchukua tone la maji yaliyotolewa kwenye uti wa mgongo wa mgonjwa, akaliweka juu ya kioo, akalichanganya na tone la wino mweusi, akafunika kwa kioo chembamba, kisha akainamia hadubini. Wino hutia giza kila mahali. Mgonjwa akiwa na bahati mbaya, ndani ya giza hilo huonekana viduara vinavyong'aa, kila kimoja kina seli ndogo katikati, na pengine seli changa inachipuka ubavuni mwake. Ule weupe unaoizunguka seli ni koti nene la sukari ambalo chembe za wino hushindwa kulipenya.

Mwenye koti hilo ni Cryptococcus neoformans, fangasi wa jamii ya hamira anayeishi kwenye udongo, kwenye miti inayooza na kwenye kinyesi cha njiwa. Wengi wetu tumekwisha mvuta puani bila kujua, na kinga ya mwili ikammaliza au ikamfungia mapafuni. Kwa mtu ambaye VVU vimekwisha kula kinga yake, fangasi huyo hutoka mapafuni, akaingia kwenye damu na kupanda ubongoni. Dalili ya kwanza ni maumivu ya kichwa ambayo panado haiyagusi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba ugonjwa huu uliua watu wapatao 112,000 katika mwaka 2020, karibu mmoja kati ya kila watano waliokufa kwa UKIMWI, na wengi wao walikuwa kusini mwa Sahara. Ndugu wa wagonjwa mara nyingi hukataa sindano ya mgongo kwa kuamini kwamba ndiyo inayoua. Kinachotokea ni kwamba mgonjwa hufikishwa hospitali amechelewa, anachomwa, anakufa siku mbili baadaye, na lawama inaangukia sindano, ingawa kule kupunguza maji ndiko kunakoshusha shinikizo kichwani na kumpa mgonjwa nafuu.

Kipimo kikishaonyesha viduara vyeupe, daktari anabaki na dawa tatu tu za maana za kumpa mgonjwa, zote zikiwa na umri wa zaidi ya miaka thelathini. Bakteria tumeshawatengenezea dawa za koo nyingi hata tukapoteza hesabu. Mbona kwa fangasi tuko maskini hivi?

Sababu ni undugu. Bakteria ni kiumbe wa mbali sana na sisi: ana ukuta ambao sisi hatuna, na hata vile viwanda vidogo vinavyotengeneza protini ndani ya seli yake vina umbo tofauti na vyetu. Penisilini huvunja ukuta huo na kutuacha salama. Fangasi ana kiini cha seli kama chetu, mitokondria kama zetu, na namna ya kusoma jeni inayofanana na yetu. Mwaka 1993 wanasayansi waliolinganisha jeni za viumbe walionyesha kwamba fangasi wako karibu na wanyama kuliko walivyo karibu na mimea. Kwa ukoo, uyoga ni ndugu wa ng'ombe kabla hajawa ndugu wa mchicha. Jambo hilo linachekesha mpaka utakapotaka kumuua fangasi aliye ndani ya mtu, kwa sababu sumu nyingi zinazomuua yeye zinatuua na sisi.

Kwa hiyo anayetafuta dawa hutafuta tofauti, na tofauti nyingi zinazofaa ziko kwenye vimeng'enya. Kimeng'enya ni protini yenye kazi moja mahususi: kukata kitu fulani, kuunga kingine, au kubadilisha molekuli moja kuwa nyingine. Ukitafuna ugali kwa muda mrefu kabla ya kumeza, utaanza kuonja utamu. Kimeng'enya kilichomo kwenye mate kimeukata wanga ukawa sukari. Katika mwili wa kila kimeng'enya kuna mfuko mdogo ambamo kazi hiyo hufanyika. Dawa nyingi ni molekuli inayoingia kwenye mfuko huo na kukaa hapo, kazi ikasimama. Yule fangasi aishi au afe, inategemea kazi iliyosimama ilikuwa na umuhimu gani kwake, na sisi tupone au tudhurike, inategemea kama tuna kimeng'enya cha aina hiyo na mfuko wake unafanana vipi na wake.

Tuanze na mfuko uliopigwa vita kuliko yote. Utando wa seli zetu huimarishwa na kolesteroli. Fangasi hutumia binamu yake, ergosteroli. Njia ya kutengeneza molekuli hizi mbili ni moja kwa sehemu kubwa, na katikati ya njia hiyo kuna kimeng'enya kiitwacho CYP51, ambacho fangasi anacho na sisi tunacho. Dawa za jamii ya azoli hukaa kwenye mfuko wa CYP51 ya fangasi, ergosteroli ikapungua, utando ukaharibika. Hapo unaona hatari mara moja: ni kama kufuli mbili zilizotoka kiwanda kimoja, na unataka ufunguo utakaofungua moja na kukwama kwenye nyingine.

Azoli ya kwanza iliyofanya kazi vizuri kwa kumezwa, ketokonazoli, ilifungua kufuli nyingi mno. Binadamu ana vimeng'enya 57 vya ukoo huo wa CYP, na baadhi yake hutengeneza homoni. Wanaume waliotumia dozi kubwa waliota matiti, na ini la wengine liliumia. Mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya zilitaka vidonge vyake vya kutibu fangasi viondolewe sokoni, na Marekani ikaviwekea masharti makali. Jambo ninalolipenda katika habari hii ni kwamba dawa yenyewe haikufa. Kwa kuwa huzuia tezi zilizo juu ya figo zisitengeneze kortisoli, sasa madaktari huitumia kwa wagonjwa ambao kortisoli yao imezidi. Dhara likageuzwa kuwa tiba.

Kosa hilo lilisahihishwa na kundi la wakemia wa kampuni ya Pfizer huko Sandwich, Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, likiongozwa na Ken Richardson. Walibadilisha pete ya molekuli, wakatafuta umbo linaloyeyuka kwenye maji, lisilotafunwa upesi na ini, na linalopenya hadi kwenye maji ya ubongo. Wakapata flukonazoli. Ilisajiliwa Marekani mwaka 1990, na tangu hapo imekuwa dawa ya fangasi inayojulikana na kila muuza duka la dawa kuanzia Mombasa hadi Bujumbura. Ni salama, ni rahisi, humezwa. Kwa miaka mingi wagonjwa wa kriptokokasi katika nchi zetu walipewa hiyo peke yake, na wengi walikufa nayo.

Kwa nini walikufa? Sehemu ya jibu ilitoka kwa wagonjwa 20 wa Tanzania, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019. Watafiti walichukua fangasi kutoka kwenye maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa hao kabla ya dawa na wakati wa matibabu, wakawaotesha kwenye sahani zenye flukonazoli. Tangu siku ya kwanza, kabla mgonjwa hajameza kidonge, kulikuwa na seli chache zilizoota vizuri penye dawa. Kwa waliopewa flukonazoli pekee, kundi hilo dogo likaongezeka kadiri siku zilivyokwenda. Watafiti walipozisoma DNA za seli hizo, walikuta nyingi zimebeba nakala ya ziada ya kromosomu namba 1. Kwenye kromosomu hiyo ndiko linakokaa jeni la CYP51 yenyewe, na pia jeni la pampu inayotupa dawa nje ya seli. Fangasi hakuwa na haja ya kubuni silaha mpya. Aliongeza nakala ya kromosomu moja, akapata kimeng'enya cha ziada cha kufidia kile kilichozibwa na pampu za ziada za kufukuza dawa, vyote kwa mkupuo mmoja. Katika mazingira yasiyo na dawa nakala hiyo ni mzigo, naye huitupa. Ndiyo maana kipimo cha kawaida cha maabara kinaweza kuonyesha kwamba fangasi anaitii dawa, ilhali mgonjwa wodini anazidi kudhoofika.

Lakini wapo wagonjwa wa utafiti ule ambao fangasi wao hawakufaulu ujanja huo. Hao walipewa flukonazoli pamoja na dawa ya pili, flusaitosini. Katika maduka yote ya dawa za fangasi, hakuna dawa iliyotumia kimeng'enya kwa akili kuliko hii, na yafaa tukae nayo kidogo.

Flusaitosini ilitengenezwa mwaka 1957 kwa ajili ya saratani, ikashindwa. Iliingia kwenye seli za binadamu, ikakaa humo bila kufanya lolote, ikatoka na mkojo. Miaka michache baadaye ikajaribiwa kwa panya walioambukizwa fangasi, nao wakapona. Tofauti iko kwenye kimeng'enya kimoja, saitosini diaminesi. Fangasi anacho. Binadamu hana kabisa. Sio kwamba chetu kina umbo tofauti kidogo, hakipo. Fangasi akikutana na flusaitosini huidhani ni saitosini, mojawapo ya herufi nne zinazoandika DNA, akaivuta ndani kwa hamu. Humo ndani kimeng'enya chake kinaikata kidogo, na kile kilichokuwa kitu kisicho na madhara kinageuka kuwa fluorourasili, sumu ambayo madaktari wa saratani huitumia kuua uvimbe. Sumu hiyo inaharibu RNA yake na kuzuia kimeng'enya kingine kinachotengeneza matofali ya DNA. Fangasi anajipikia sumu jikoni kwake mwenyewe.

Ukizingatia, hili ni wazo la aina tofauti. Azoli hukizuia kimeng'enya kisifanye kazi. Flusaitosini hukiacha kifanye kazi yake yote, na kazi hiyo ndiyo inayoua. Udhaifu wake nao unatokana na hapo hapo. Fangasi akipoteza kimeng'enya hicho, au mlango unaoingiza saitosini, hapungukiwi sana, naye anakuwa sugu. Ikitumika peke yake usugu huja upesi mno, kwa hiyo haipewi peke yake. Isitoshe, bakteria wa utumbo wetu wana kimeng'enya cha namna hiyo, nao hugeuza sehemu ya dawa kuwa sumu kabla haijafika inakotakiwa. Inadhaniwa kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya chembe za damu kushuka kwa baadhi ya wagonjwa.

Ushahidi wa hospitalini hauna utata. Jaribio lililoitwa ACTA, lililofanyika Malawi, Zambia, Kamerun na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2018, liliuliza amfoterisini B iambatanishwe na nini. Amfoterisini haigusi kimeng'enya. Inang'ang'ania ergosteroli yenyewe na kuutoboa utando, na wanaoijua wanakumbuka mgonjwa anavyotetemeka chini ya blanketi tatu na figo zake zinavyopimwa kwa wasiwasi. Ilipoambatana na flukonazoli, wagonjwa 45 katika kila 100 walikuwa wamekufa kufikia wiki ya kumi. Ilipoambatana na flusaitosini walikuwa 31. Likafuata jaribio la AMBITION katika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, lililochapishwa mwaka 2022: dozi moja tu kubwa ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta, kisha siku 14 za flusaitosini na flukonazoli za kumeza. Vifo vilikuwa asilimia 24.8, dhidi ya asilimia 28.7 kwa tiba iliyokuwa ikipendekezwa, na madhara yalipungua. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaifanya tiba hiyo kuwa chaguo la kwanza.

Hapa lazima niseme jambo lisilopendeza. Dawa iliyotengenezwa mwaka 1957, isiyolindwa na hataza yoyote kwa miongo mingi, haikuwa imesajiliwa katika nchi nyingi za Afrika hadi karne hii imesonga mbele. Wagonjwa wa nchi tajiri, ambako ugonjwa ni nadra, waliipata. Hapa kwetu, ambako wodi zimejaa, hapakuwa na kampuni iliyoona faida ya kujaza fomu. Ukimsikia mtu akisema kikwazo cha dawa za fangasi ni sayansi peke yake, mkumbushe hilo.

Turudi kwenye vimeng'enya. Fangasi ana ukuta nje ya utando wake, sisi hatuna ukuta kabisa, basi hapo palipaswa kuwa mahali rahisi pa kupiga. Kimeng'enya cha glukani sinthesi husuka nyuzi za sukari za ukuta huo. Kaspofungini, iliyosajiliwa Marekani mwaka 2001, humzuia msukaji huyo. Chanzo chake ni fangasi aliyepatikana Hispania, kwenye bonde la mto Lozoya, kwani fangasi nao hupigana wenyewe kwa wenyewe. Dawa za ukoo huu zimeokoa wagonjwa wengi wa fangasi aitwaye Candida walioko kwenye vyumba vya uangalizi maalumu. Kwa kriptokokasi hazifai kitu. Kimeng'enya anacho, na katika maabara kinazuilika, ila fangasi mzima haguswi, na mabishano kuhusu sababu yake hayajaisha. Somo ni kwamba kushinda kimeng'enya kwenye chupa na kumshinda fangasi ni mambo mawili.

Basi ni vimeng'enya gani vingine vinangoja? Wagombea wako wengi, na wengine wana sifa za kuvutia. Kriptokokasi ana yureasi, inayovunja yurea ikawa amonia. Binadamu hana yureasi. Fangasi walioondolewa jeni lake hupata tabu kuingia kwenye ubongo wa panya. Ana lakasi pia, inayotengeneza rangi nyeusi ya melanini ndani ya ukuta wake, na mwanafunzi yeyote wa maabara anaweza kuiona kazi yake: ukimwotesha kwenye sahani iliyotengenezwa kwa mbegu za nigeri, zile nyeusi ambazo Wahabeshi hukamua mafuta, fangasi wengine wa jamii ya hamira hubaki weupe, ila yeye hugeuka kahawia. Melanini hiyo humkinga na mashambulizi ya chembe nyeupe za damu.

Mimi siwapi kura yangu hao wawili. Fangasi asiye na yureasi au lakasi hafi. Anakuwa mpole tu. Kumfanya adui awe mpole kunamsaidia mwenye kinga iliyobaki ya kummalizia. Mgonjwa tunayemzungumzia hana kinga hiyo. Candida alitufundisha somo la pili. Hutoa vimeng'enya vya kukata protini ambavyo mfuko wake unafanana na ule wa proteasi ya VVU, kiasi kwamba mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliona indinaviri na ritonaviri, dawa za VVU, zinavizuia kwenye maabara. Kwa muda mfupi ilionekana kama zawadi: dawa moja, maadui wawili. Lakini Candida albicans ana jeni kumi za ukoo huo, ukiziba kimoja kingine kinashika zamu, na hakuna dawa ya fangasi iliyozaliwa na ugunduzi ule.

Mgombea ninayemwona ana uzito ni kimeng'enya kinachotengeneza trehalosi. Hii ni sukari ambayo fangasi huitumia kujikinga na joto na misukosuko. Binadamu hatutengenezi trehalosi. Tuna kimeng'enya cha kuimeng'enya tu, kinachotusaidia tunapokula uyoga. Kundi la John Perfect katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, limeonyesha kwamba kriptokokasi akinyang'anywa jeni la TPS1, la hatua ya kwanza ya kazi hiyo, huendelea kuota kwenye ubaridi, ila ukimpandisha hadi nyuzi 37, joto la mwili wetu, hawezi kuishi. Fikiria maana yake. Aina nyingi mno za fangasi duniani hazitudhuru kwa sababu hazistahimili joto letu. Dawa ya kuzuia TPS1 ingemrudisha kriptokokasi kwenye kundi hilo. Umbo la kimeng'enya limekwisha chorwa hadi kiwango cha atomu, hivyo wakemia wanajua mfuko uko wapi. Kidonge bado hakijapatikana.

Kutoka kwenye mchoro hadi kwenye kidonge kuna mabonde. Uganda inalijua hilo kwa uzoefu. Setralini, dawa ya sonona, ilionekana kumuua kriptokokasi kwenye maabara, ni ya bei nafuu, inaingia ubongoni, na usalama wake unajulikana. Watafiti wa Kampala na Mbarara wakaijaribu kwa zaidi ya wagonjwa 400, kama nyongeza ya tiba ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba haikuokoa hata kidogo kuliko kidonge bandia. Jaribio lile lilifanywa kwa ustadi na lilistahili kufanywa, na kila anayetangaza kwamba amepata kimeng'enya kipya cha kushambulia angepaswa kulisoma kabla ya kuita waandishi wa habari.

Wagombea wawili wamekwisha vuka mabonde mengi. Wa kwanza ni fosmanogepiksi, iliyoanzia kwa wanasayansi wa kampuni ya Eisai ya Japani. Inazuia kimeng'enya Gwt1, kinachoandaa nanga za kushikilia protini kwenye uso wa fangasi. Sisi tunacho cha kufanana nacho, ila dawa inakipita bila kukigusa. Imefika hatua ya tatu ya majaribio kwa binadamu. Wa pili ni olorofimu, ya kampuni ya F2G ya Manchester. Hii inapiga DHODH, kimeng'enya cha kutengeneza herufi mbili za DNA na RNA. Tena ni kimeng'enya ambacho nasi tunacho, lakini olorofimu inakishika cha fangasi aitwaye Aspergillus zaidi ya mara 2,000 kuliko chetu. Kwenye sahani ya maabara unaweza kumwokoa fangasi kwa kumpa herufi hizo zilizo tayari kwa wingi. Kwenye damu yetu ziko kidogo mno kumfaa. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliirudisha faili ya olorofimu na kutaka ushahidi zaidi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Aprili 2025 ilihesabu dawa nne tu mpya za fangasi zilizoidhinishwa na Marekani, Ulaya au China katika miaka kumi, na tisa zilizokuwa kwenye majaribio.

Sasa twende shambani, maana huko ndiko vimeng'enya hivi vinakoharibiwa kabla hatujavitumia. Fangasi wa kahawa, wa ngano na wa nyanya nao wana CYP51, na wakulima wana azoli zao. Ingia duka lolote la pembejeo, soma vibandiko vya dawa za ukungu: tebukonazoli, propikonazoli, difenokonazoli. Molekuli ni tofauti na za hospitali, mfuko zinaokaa ni ule ule. Aspergillus fumigatus, anayeoza majani na mboji na kurusha mbegu zake hewani, hapigwi dawa kwa makusudi, lakini anaipata. Kule Uholanzi, tangu mwisho wa miaka ya 1990, waliwakuta wagonjwa wenye Aspergillus asiyesikia azoli ilhali wengine hawajawahi kumeza azoli maishani. Usugu walikuwa wameuvuta puani. Mwaka 2014 watafiti walitangaza kwamba wamewakuta Aspergillus wenye mabadiliko hayo hayo ya jeni katika mazingira ya Tanzania. Hapa kwetu Aspergillus hupenda kujenga ndani ya mashimo yaliyoachwa na kifua kikuu mapafuni. Mgonjwa anakohoa damu, watu wanadhani TB imerudi, na dawa anayohitaji kwa miezi mingi ni azoli.

Ungedhani kwamba baada ya hayo vimeng'enya vipya vingelindwa. Olorofimu ikiwa bado inapigania kibali, dawa ya mimea iitwayo ipiflufenokwini iliidhinishwa Marekani mwaka 2022. Inazuia DHODH. Mwaka 2024 watafiti walionyesha kwamba Aspergillus anayezoea dawa hiyo ya mimea huwa sugu pia kwa olorofimu, dawa ambayo karibu hakuna mgonjwa aliyeimeza bado. Gwt1 nayo ina dawa yake ya shambani, aminopirifeni. Vimeng'enya vilivyotafutwa kwa miaka ishirini kwa ajili ya watu walio mahututi vimenyunyiziwa majani kwanza.

Kisheria hakuna aliyekosea. Mwaka 2023 shirika la mazingira la Marekani lilianza kukusanya maoni juu ya namna ya kupima hatari hii kabla ya kusajili dawa ya mimea, na Januari 2025 mashirika ya Ulaya ya chakula, kemikali, mazingira, magonjwa na dawa yalitoa ripoti ya pamoja kuhusu azoli. Kwetu dawa ya nyanya huandikishwa ofisi moja na dawa ya binadamu nyingine: Tanzania ni TPHPA na TMDA, Kenya wana bodi mbili zenye kazi hizo hizo. Faili la dawa ya ukungu linapowasili, huulizwa sumu yake kwa mkulima, kwa nyuki, kwa maji na kwa mlaji. Swali la nyongeza lingetosha mstari mmoja kwenye fomu: kimeng'enya kinachozuiwa na dawa hii ni kipi, na je, kuna dawa ya binadamu, iliyopo au iliyo kwenye majaribio, inayokitegemea?